Mama Mkwe na Mzigo Usiofunguliwa

Wiki iliyopita niliwaacha pale bandarini Betio, mimi nimeshika ndoo ya kombe, mama mkwe wangu anashuka kwenye boti ya kutoka kisiwa cha Maiana bila kutoa taarifa, mkeka wake ameuviringisha na kuukumbatia kifuani.

Wewe uliyeanza kusoma leo nakupa kwa ufupi, usije ukapotea. Mume wangu Iotua ni baharia. Meli yake imezuiliwa kwenye bandari ya nchi ya watu, mwenye meli kajificha, na mishahara hailipwi. Zamani kila mwezi nilikuwa naletewa fungu langu la mshahara wake. Sasa sipati hata senti.

Mara ya mwisho alipopiga simu aliniambia, "Tiroia, usimwambie mtu. Mama ndiyo kabisa. Nitalimaliza mwenyewe." Simu ikakatika, na tangu siku hiyo kimya. Sijui kama anaumwa. Sijui kama yu hai.

Nikanyamaza kama alivyotaka. Cherehani yangu nimeiuza kwa siri kwenye duka moja la Bairiki. Kombe nachimba upande wa mbali ambako hawanijui. Maandazi nakaanga mimi, anauza rafiki yangu kwa jina lake.

Na mpaka leo hakuna aliyegundua, kwa sababu moja tu. Kwetu ndugu akija na bubuti, yaani akikuomba kitu kwa undugu wenu, unampa. Hakuna "ngoja nifikirie." Ukikataa, aibu yake watairithi wajukuu zako. Kwa hiyo nyumba ya mke wa baharia ikiwa tupu, watu hawashangai. Wanasema, jamani Tiroia, ndugu wamemkamua, na moyo wake ule mweupe!

Njaa yangu nimeificha nyuma ya ukarimu. Nasifiwa mpaka kanisani.

Lakini ukarimu huo nao una meno. Baiskeli ya Iotua nilikuwa nimeshaipatia mnunuzi. Asubuhi ya kuipeleka, binamu yake akatokea mlangoni anacheka. "Shemeji, nina bubuti. Naomba baiskeli." Nikampa. Nikamfutia na vumbi. Akaondoka anapiga kengele, mimi nikabaki nimeshika kitambaa.

Ndivyo nilivyokuwa naishi, mimi na mwanangu Rakera, mpaka alipokuja mama mkwe wangu, Nei Kinaai.

"Mama, karibu," nilimwambia pale bandarini. "Mbona hukutuma salamu?"

"Mtu hutuma salamu akienda kwa mwanawe?"

Nikanyoosha mkono nimpokee mkeka. Akaukaza kifuani.

"Uache. Nitaubeba mwenyewe."

Hapo nikashtuka. Huyu ni mwanamke ambaye akija kwetu hata kandambili zake hunipa nimbebee.

Akatazama ndoo yangu. "Kombe hizo?"

"Nimezipenda tu, mama. Nimechoka kula samaki wa kopo."

"Mm," akasema. Basi.

Nyumbani tulimkuta wifi yangu Rite ameshakaa kwenye ulingo wetu, miguu inaning'inia. Rite hahitaji kuambiwa mgeni kaja. Pua yake inamwambia.

"Mama! Umekuja kula pesa za baharia?"

"Nimekuja kula samaki. Pesa hazitafuniki."

"Mwambie Tiroia. Yeye anazitafuna peke yake."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti kuliko wao.

Rakera akatoka ndani mbio, akamrukia bibi yake shingoni. Ana miaka sita, mdomo wazi mbele kwa meno yaliyong'oka. Akataka kufungua mkeka aone kaletewa nini.

"Usiguse!" Nei Kinaai alisema kwa ukali.

Mtoto akarudi nyuma. Bibi akalainisha sauti. "Baadaye, mama yangu. Bibi amechoka." Akauweka mzigo ule chini, kisha akaukalia. Kweli nakwambia, akaukalia kama kuku.

Nikapika chai. Sukari sikuwa nayo, nikatia asali ya tembo la mnazi niliyopewa na jirani.

Rite akaonja, akakunja uso. "Wifi, siku hizi mke wa baharia anakunywa chai ya shamba?"

"Daktari kanikataza sukari."

"Daktari gani huyo, wa kichwa?"

"Rite, kunywa chai," mama yake akasema.

Lakini macho ya Nei Kinaai hayakuwa kwenye chai. Yalikuwa kwenye ile kona ya ndani ambako mkeka wa sakafuni una alama nne za miguu ya meza.

"Cherehani iko wapi?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni siku nyingi. "Aliiomba Teniti, mama. Alikuja na bubuti."

"Teniti yupi?"

"Wa karibu na kanisa."

"Teniti binti wa dada yangu?"

Teniti yule nilimchagua kwa sababu hatuzoeani, naye hafiki kwetu. Ndugu wa upande wa mume hawaishi! Unajua kumi, wa kumi na moja anakutokea kwenye uongo.

"Ndiyo huyo," nikasema. Ningesema nini?

"Vizuri. Kesho nitapita nimsalimie."

Usiku ule usingizi sikuuona. Rakera alilala amenibana shingo. Chandarua chake kimefungwa kwenye nguzo kwa fundo ambalo baba yake alimfundisha kabla ya kuondoka. Si fundo la shule ya mabaharia. Iotua alilibuni mwenyewe melini, lina masikio mawili yamelala kama ya paka, na wenzake walimcheka sana. Mimi alinifundisha nikashindwa, akasema vidole vyangu ni vya kushonea, si vya kufungia. Rakera alilishika siku ileile. Tangu hapo kila kitu cha nyumba hii kina masikio ya paka, na mimi nikitaka kufungua hata mfuko wa unga namwita yeye.

Kulipokucha, Nei Kinaai akavaa blauzi yake ya kanisani, akatoka. Mkeka akauacha umesukumwa nyuma kabisa ukutani, juu yake kaweka Biblia.

Nikakaa nakuna nazi. Nazi moja niliikuna mpaka nikakuna kifuu.

Alirudi jua likiwa utosini. Rite alikuwa ameshafika, kaja kwa bubuti ya mafuta ya nywele. Nilimpa chupa nzima, ili aondoke. Hakuondoka.

"Umemkuta Teniti, mama?" Rite akauliza.

"Nimemkuta."

"Na cherehani?"

Sikuinua kichwa. Nilikuwa naangalia vidole vya miguu ya mama mkwe wangu.

"Nimeiona," akasema. "Inashona vizuri sana."

Rite akaendelea kujipaka mafuta. Mimi kifuu kilinidondoka.

Cherehani ile iko Bairiki, dirishani, imebandikwa bei. Nilipita juzi nikaiona kwa macho yangu, nikajifanya natazama sufuria. Sasa mama mkwe ameionaje kwa Teniti?

Nikamtazama. Naye akanitazama, uso hauna hasira wala tabasamu, kama mtu anayengoja maji yapwe.

Anajua, nikajisemea. Anajua, na amesema uongo. Amenifunika mimi, au amefunika kitu chake?

Sikungoja sana. Jioni ile walikuja wajomba na shangazi za Iotua kumsalimia. Nikawatandikia mikeka, nikatoa shelisheli la kuchoma, kombe za nazi, na wali kidogo niliousambaza kwenye bakuli pana ili uonekane mwingi. Watu walipomaliza kunawa, Nei Kinaai akakohoa.

"Tiroia, mwanangu. Sikuja hapa matembezi. Nimekuja na bubuti."

Nikaiangalia nyumba upesi upesi. Bado kuna nini? Taa? Sufuria? Nikajiambia, chochote atakachosema nampa.

"Naomba Rakera. Nikamlee kule Maiana. Tuondoke naye kesho, boti ikitoka na maji."

Shangazi mmoja akapiga makofi kwa furaha. "Eeh, bahati hiyo! Mtoto wa bibi!"

"Mtoto wa bibi hapigwi," mjomba akasema.

Kwetu ni jambo la heri. Nusu ya watu waliokuwa pale wamelelewa na bibi zao. Mimi mwenyewe nimelelewa hivyo. Ningeombwa wakati mwingine, pengine ningelia kidogo kisha ningemfungia nguo zake.

Lakini wakati huu! Mume sina habari naye. Nyumba tupu. Nilichobakiwa nacho ni yule aliyekuwa amelala mapajani mwangu, kakumbatia goti langu.

Nikageuza jibu kila upande. Nikisema sitoi, nitaulizwa sababu. Nikisema tunaishi vizuri, atabaki kwangu, basi mimi ni mchoyo, nimemnyima mama mkwe mbele ya ukoo. Na nikisema ukweli, kwamba hatuna chakula, hapo ndiyo watambeba mtoto usiku huohuo. Wangemwacha na mama asiye na kitu?

Uongo ulikuwa umenifunga mikono, na ukweli miguu.

"Wifi yetu amepotelewa na ulimi," Rite akasema.

"Hapana," nikasema. "Nafikiria nguo. Mtoto hawezi kusafiri na matambara. Nipeni mpaka kesho nimshonee gauni."

"Utashona na nini, na cherehani iko kwa Teniti?"

Watu wakacheka. Nei Kinaai hakucheka.

"Atashona kwa mkono," akasema. "Mpeni mpaka kesho."

Akanifunika tena. Mara ya pili.

Asubuhi maji yalipopwa, nikachukua ndoo nikaenda kuchimba. Sikwenda upande wa mbali. Nilichoka kujificha. Nilikuwa nimeinama nikasikia nyayo kwenye tope nyuma yangu. Nei Kinaai kaja na ndoo yake, kapandisha nguo magotini, akainama pembeni yangu akaanza kuchimba kama msichana.

Tukachimba. Kombe zikagonga ndoo.

"Mama," nikasema, "Teniti hana cherehani."

"Najua."

"Hata kwake hukwenda?"

"Nilienda. Nikakuta anashona tundu la chandarua kwa sindano, analalamika hana cherehani. Nikamwambia pole."

Nilitaka kucheka, yakanitoka machozi.

"Umejua lini?"

"Tumbaku," akasema. "Kila mwezi ulikuwa unanitumia tumbaku ya kopo. Kisha ikaanza kuja ya kupimiwa, imefungwa kwenye karatasi. Mke wa baharia hanunui tumbaku ya kupimiwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulisema?"

Nikatupa kombe ndooni.

"Sikiliza, Tiroia." Hakuacha kuchimba. "Mtoto akiondoka kwa bubuti, hakuna atakayesema ameondoka kwa njaa. Watasema bibi kampenda. Kwangu kuna magimbi, kuna samaki, minazi inagemwa. Wewe utabaki na tumbo moja tu la kulisha. Na jina la mwanangu halitatajwa kwenye midomo ya watu. Nimefikiria sana."

Kumbe. Mimi nilimwona mwizi wa mtoto, naye alikuwa amebeba mzigo wangu bila kuniambia. Ubaya ni kwamba aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Juzi Rakera alilamba chumvi kwenye kiganja akaniambia ameshiba.

Lakini moyo haushibi magimbi. Nikanyooka, nikafuta tope mikononi.

"Mama, na mimi nina bubuti."

Akasimama taratibu. Sikuwahi kumwomba kitu tangu niolewe.

"Nakuomba unichukue na mimi. Nitasuka mikeka, nitachimba, nitalala jikoni. Waache watu waseme wanavyotaka. Nichukue pamoja na mwanangu."

Nilijua hawezi kukataa. Kama mimi nisivyoweza kumnyima, naye hawezi kuninyima. Nilikuwa nimeipata njia! Nilitaka hata kumkumbatia.

Mama mkwe wangu akageuza uso upande wa bahari.

"Hilo usiniombe," akasema.

"Mama?"

"Uniombe kingine. Niombe ardhi. Niombe shimo langu la magimbi. Hilo hapana."

Akabeba ndoo yake akaondoka, miguu inazama na kutoka topeni. Nikabaki nimesimama na maji yanaanza kurudi kwenye vifundo vyangu.

Maishani mwangu sijawahi kusikia mtu akikataa bubuti. Sikujua hata kama yapo maneno yake. Kuna nini Maiana ambacho mtoto wangu anaruhusiwa kukiona, na mimi siruhusiwi?

Nikafikiria mabaya yote. Labda kuna mwanamke mwingine. Labda wanataka Iotua akirudi akute sina mtoto, iwe rahisi kunifukuza. Nilirudi nyumbani nimeiva kwa hasira. Nikajiapia: leo naweka historia. Leo nakataa mbele ya ukoo wote, wanitemee mate wakitaka.

Nyumbani watu walikuwa wameshaanza kujaa nje. Maji yalikuwa yanapanda, boti haingoji. Nei Kinaai alikuwa kisimani anaoga tope. Rite anamsimulia jirani jinsi mtoto wa bibi anavyonenepa.

Nikaingia ndani. Rakera alikuwa amepiga magoti nyuma kabisa ukutani. Biblia ameiweka pembeni kwa adabu. Gauni nililomshonea kwa mkono alikuwa nalo begani, na mkeka wa bibi yake uko mbele yake.

"Rakera! Bibi alisema usiguse!"

"Nataka kuweka gauni langu humu. Bibi alisema tunakwenda pamoja."

"Toka hapo kabla hajarudi."

"Mama, nimeshafungua. Rahisi tu." Akainua kamba anionyeshe, uso unang'aa, mapengo yote nje. "Fundo la paka."

Nikapiga magoti.

Mkeka ulikuwa umefungwa sehemu mbili. Upande mmoja Rakera ameshaufungua, kamba imelegea. Upande wa pili bado umekaza. Nikalitazama lile fundo. Masikio mawili, yamelala.

Nikaligusa kwa kidole. Kamba yenyewe ilikuwa mpya. Ilikuwa haijapata hata chumvi.

"Umefunga wewe?" nikamwuliza Rakera. Sauti haikuwa yangu.

"Mimi sijagusa, mama. Bibi alikuwa anaukalia."

"Labda bibi analijua."

"Hajui. Nilimfundisha mwaka jana akashindwa kama wewe." Akaliangalia kwa makini, kichwa upande. Kisha akacheka. "Baba hakulikaza vizuri. Huwa ananigombeza nikiliacha hivi."

Ndani ya mkeka, pale ulipolegea, kulikuwa kunachungulia mkono wa shati la kazi, la bluu, lenye doa la rangi ya meli kwapani. Doa hilo nimelisugua kwa mikono yangu miaka mingapi, halitoki.

Kivuli kikaziba mlango. Nei Kinaai alikuwa amesimama, maji yanamchuruzika nywele. Akaona mkeka. Akaniona mimi.

"Yu hai?" nikasema.

Akafumba macho, akafumbua.

"Alikupita hapa hapa Betio," akasema kwa sauti ya chini. "Walirudishwa bila mshahara, akashuka kwenye ndege hana kitu mkononi. Alisimama kule barabarani akaiona nyumba, akaona ulingo umejaa ndugu, wanacheka, na wewe unawagawia. Hakuweza kuingia, Tiroia. Angeingia na nini? Alipanda boti ya kwanza. Halali, hali. Anamtaka mtoto amwone tu; hata mkeka huu kaufunga yeye, katia shati lake mtoto ajifunike botini. Wewe anakuonea aibu."

"Wifi!" Rite akaita kutoka nje. "Mama! Boti inapiga honi!"

Nyayo zikaanza kupanda ngazi ya ulingo.

Nei Kinaai akapiga magoti ghafla, akaanza kusukuma lile shati ndani ya mkeka kwa mikono yote miwili. "Lifunge," akaninong'oneza. "Kabla Rite hajaingia. Akiona shati hili, jua halitazama kabla Betio nzima haijajua. Lifunge!"

Nikashika kamba. Nikazungusha, nikapitisha, ikafunguka. Nikazungusha tena.

Rakera akanisogeza kwa kiwiko, taratibu, kama fundi anavyomsogeza mtu asiyejua kazi. Akalifunga. Safari hii alilikaza vizuri, masikio yote mawili.

Mama mkwe akauchukua mkeka, akaukumbatia kifuani. Akanyoosha mkono apewe mtoto. Bubuti yake ilikuwa bado haijajibiwa. Na yangu, aliyoikataa, nayo ilikuwa bado inangoja.

Pazia likafunguka. Rite akaingiza kichwa, na nyuma yake nikaona wajomba na shangazi wote wamesimama, wanatabasamu, wanangoja.

"Haya, mke wa baharia," akasema. "Maji yamejaa. Unasemaje?"